Mashine ndogo ya umeme wa maji: tumeifunga bondeni huku Pemba, haya ndo maoni yangu

Nianze na jibu kabisa mana najua wengi mnatafuta hilo tu. Mashine yenyewe nzuri, naipa nyota 4 kati ya 5. Namna inavouzwa huku kwetu naipa 1. Na kwa mabonde mengi ya Pemba sikushauri uinunue mpaka upime maji yako kwanza, ukipima na yakakubali basi nunua bila wasiwasi. Sasa nieleze kwa urefu, mana jambo hili lina hasara ya pesa za watu na mie linaniuma.

Mie ni fundi umeme, nafanya wayaringi za majumba na solar huku Chake na Wete. Ami yangu ana shamba la karafuu na nyumba bondeni, nguzo zimeishia barabarani juu huko na kuvuta laini mpaka kwake ni pesa ambayo hana. Msimu wa karafuu ukifika, mchana watu wako juu ya mikarafuu na usiku ndo wanakaa kuchambua, kila konyo (kile kijiti cha karafuu) itoke upande wake na karafuu upande wake, ili asubuhi zitandazwe juani. Kazi hii wanaifanya kwa tochi za simu na kibatari. Alikuwa na solar ndogo lakini masika ikiingia wiki nzima mawingu, betri inakufa. Na chini ya nyumba pale kuna kijito hakikauki mwaka mzima, ndo maji wanayolimia mpunga watu wa chini. Kwaio ami akasikia habari ya mashine ya maji akaniita, mwanangu njoo utazame hii kitu itafaa au haitafaa.

Kwanza mashine yenyewe ni nini, mana wengi wakisikia umeme wa maji wanawaza bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115. Hii ni kitu kingine kabisa. Ni kijenereta cha sumaku kikubwa kidogo kuliko sufuria ya pilau ya nyumbani, kinakaa juu, kina mti wa chuma mrefu unaoshuka chini, na mwisho wa mti pana propela ndogo. Maji yanaingia juu yanazunguka propela yanatokea chini. Basi. Hakuna bwawa, hakuna mafuta, hakuna betri. Wavietnam na Wachina wa vijijini wamezitumia miaka mingi sana kwenye vijito vya milimani, si kitu cha majaribio.

Zipo aina mbili na hapa ndo watu wanapotea. Ipo ya maji machache yanayoanguka kutoka juu sana, ile unavuta bomba kutoka kilimani mita 12 au zaidi na lita chache tu kwa sekunde zinatosha. Na ipo ya maji mengi yanayoanguka kidogo, mita moja na nusu hivi. Pemba ina vilima vingi lakini vifupi, ukikaa bondeni na kijito chako kinapita taratibu, utapata wapi mita 12? Kwetu inayowezekana ni hii ya pili tu, na hii ya pili inataka maji mengi.

Tuje dukani. Duka silitaji, liko Unguja mjini. Walikuwa nazo saizi mbili, ndogo imeandikwa wati 200 na kubwa wati 1,000. Muuzaji ananambia sheikh chukua kubwa, tofauti ya bei ndogo, utawasha friji na feni na pasi. Nikamuuliza hii kubwa inataka lita ngapi kwa sekunde, hajui. Inataka maanguko ya mita ngapi, hajui. Nikamwambia nifungulie boksi, ndani pana karatasi ya Kichina na chini maandishi madogo, ndo nikaona: ile ya wati 200 inataka maanguko mita 1.5 na lita 35 kwa sekunde, ile ya wati 1,000 inataka mita 1.5 hizohizo lakini lita 130 kwa sekunde. Lita 130 kwa sekunde jamani, huo ni mto, si kijito. Na hio ndo habari pekee mnunuzi anayoihitaji, imefichwa ndani ya boksi kwa lugha asiyoisoma, nje imeandikwa 1000W kwa herufi kubwa nyekundu.

Mie nilikuwa nishapima maji ya ami kabla ya kupanda boti, kwaio nlijua nataka ipi, ile ndogo. Nieleze tulivopima mana mtu yeyote anaweza na haina gharama. Maanguko tumepima kwa ule mpira mweupe wa levo wa mafundi wa nyumba, ujaze maji, upande mmoja uweke sawa na uso wa maji ya juu pale utakapoyakingia na upande wa pili uusimamishe kule chini yatakaporudi kijitoni, tofauti ya levo ya maji ya ndani ya mpira na uso wa maji ya chini ndo maanguko yako. Sisi tumepata mita 1.3. Wingi wa maji tumepima kwa chungwa. Tumetafuta pahala kijito kimenyooka, upana sentimita 60, kina cha wastani sentimita 20, tukapima mita 10 kwa kamba, mtoto akatupia chungwa juu mie na simu yangu nahesabu, sekunde 32. Maji ya juu yanakwenda mbio kuliko ya chini na ya pembeni kwaio ile spidi unaipunguza, unazidisha na 0.8. Ukipiga hesabu yote unapata lita 30 kwa sekunde hivi. Na tumepima mwisho wa kaskazi, wakati maji yako chini kabisa, usije ukapima masika ukafurahi.

Hesabu ya nguvu ni rahisi: lita kwa sekunde, zidisha mita, zidisha 9.81. Yaani 30 mara 1.3 mara 9.81, wati 383. Hizo ni nguvu za maji yenyewe, si umeme. Mitambo mikubwa ile inakamata karibu zote, asilimia 90 hivi, lakini hivi vidogo vya bei rahisi ukipata thuluthi shukuru. Kwaio nikamwambia ami tarajia wati 120 mpaka 130, ukiona inakutosha twende, haikutoshi tubaki na solar. Akasema mwanangu mie nataka taa.

Kufunga sasa. Mashine inakuja bila nyumba yake, unatengeneza mwenyewe. Tumechimba mferji mfupi pembeni ya kijito, mwisho wake tukajenga kisima cha saruji chenye duara kama gamba la konokono ili maji yaingie yakizunguka, propela inakaa katikati. Halafu chini ya propela lazima liwepo bomba linalotanuka kidogokidogo kwenda chini, na mdomo wake uzame kwenye maji ya chini. Hili bomba halimo kwenye boksi! Tumemtengenezesha fundi bati pale Wete. Na nataka mlielewe hili bomba mana ndo siri ya mashine yote, maji yakishuka ndani yake yanavuta, kwaio propela inapata nguvu ya maji yaliyo juu yake na mvuto wa yale yaliyo chini yake. Siku ya kwanza mdomo wa bomba ulikuwa unaning'inia hewani kidogo, vidole viwili hivi, malti mita inaonesha volti 140, taa zimefifia. Tukapanga mawe kule chini maji yakapanda yakafunika mdomo, papohapo mita ikaruka 215, 220, taa zikawaka zote nyeupe. Hatukubadilisha kitu chengine chochote. Ami akasema mashaallah, na watoto wakawa wanataka tuondoe mawe turudishe ili waone tena.

Jambo la pili kubwa ni boksi la kontrola. Maji hayajui kama umezima taa, propela inazunguka vilevile, na ukizima taa zote mashine inakosa mzigo inakwenda mbio volti zinapanda mpaka taa zinaungua. Ndo maana linawekwa boksi linalotupa umeme uliozidi kwenye hita. Boksi lililokuja na mashine linafanya kazi lakini halijazibwa vizuri, kwa unyevu wa bondeni huko lisingemaliza masika moja, nimelihamishia ndani ya nyumba na hita tumeiweka nje chini ya bati mbali na watoto. Ukinunua usikubali kuuziwa mashine bila kontrola eti utaiunganisha na taa moja kwa moja. TV yako itakufa.

Waya haukutusumbua. Kutoka kijitoni mpaka nyumbani ni kama mita 150, kwa sababu umeme ni wa volti 220 mkondo wake ni mdogo, nusu ampia na kidogo, hata waya wa kawaida haupotezi kitu. Ingekuwa ya volti 12 kwa umbali ule ungehitaji waya mnene kama kidole. Ila zile volti 220 zinaua kama za gridi, mashine ipo majini na watu wanapita, kwaio funga arthi (waya wa kupeleka umeme ardhini) vizuri na usimuachie kijana yeyote tu aliyewahi kubadilisha soketi.

Matokeo: wati 120 kavukavu. Taa tano za wati 9, simu za nyumba nzima, redio, na TV ndogo jioni. Unaweza kusema ah wati 120 tu, solar ya bei hio ingenipa zaidi. Ngoja. Paneli ya wati 120 inapata jua zuri kwa muda wa saa 5 hivi kwa siku, inakupa kiasi wati-saa 600, uniti 0.6. Hii inakwenda saa 24 usiku na mchana, ni karibu uniti 2.9 kwa siku, na bila betri. Ili solar ikupe hizo unataka paneli za wati 600 na betri juu, na betri ndo mtu anakuja kuibadilisha kila baada ya miaka michache kwa pesa ya kukopa. Hapa ndo nampa mtengenezaji nyota zake 4, kwa kweli. Msimu uliopita walichambua karafuu ukumbini chini ya taa mbili, bibi mmoja pale miwani yake imevunjika mguu mmoja kafunga uzi, anachambua huku anasikiliza redio, hana habari na tochi tena.

Kasoro. Beringi ya chini ni nyepesi, imeanza kupiga kelele mapema, nimebadilisha nikaweka nzuri, saizi yake inapatikana maduka ya spea za pikipiki. Wavu wa kuzuia takataka haumo, utengeneze, na uusafishe kila asubuhi mana makuti na majani ya mikarafuu yanaziba na umeme unashuka, kazi hio ami kampa mjukuu wake na anaifanya kabla ya skuli. Na masika ndo kitu ambacho wengi hawakijui: maji yakijaa umeme UNAPUNGUA. Kijito kikifura maji ya chini yanapanda karibu sawa na ya juu, maanguko yanatoka mita 1.3 yanakuwa nusu mita, hata uwe na maji ya bahari propela haina pa kuyaangushia. Mvua kubwa ile ya Aprili tulinyanyua jenereta kabisa tukaiweka juu ya ukuta, mana ile sehemu ya juu ikizama imekwisha. Kwaio mtu asikwambie umeme wa mwaka mzima, siku za mafuriko hupati.

Sasa kilichonifanya niandike yote haya. Bonde la pili kutoka hapo yupo mzee mwengine, naye kaenda duka hilohilo, kauziwa ile ya wati 1,000. Kijito chake kidogo kuliko cha ami, ukikadiria lita 25. Mashine inayotaka lita 130 umeipa 25, kisima kinakauka, propela inavuta hewa inazunguka kivivu, volti hazifiki hata mia, taa inawaka nyekundu kama kaa la moto halafu inazima. Kauza ng'ombe yule mzee kwa mashine ile. Saivi imo stoo na kurudisha wamekataa, wanasema mashine ni nzima, ubovu uko kwenye maji yako. Na kweli mashine ni nzima! Lakini nani alimuuliza maji yake? Ndo maana nyota 1. Ukiuza hizi mashine uza na kipimo, au angalau bandika nje ya boksi kwa Kiswahili mita ngapi na lita ngapi. ZURA (mamlaka ya udhibiti wa huduma za maji na nishati Zanzibar) na wanaoangalia ubora wa bidhaa zinazoingia wangeweza kulazimisha jambo hili, stika moja tu.

Watu wananiuliza kwani serikali isitujengee mitambo hii ya maji huku visiwani tuachane na waya wa baharini unaotuletea umeme wa bara. Hapana, tuseme ukweli. Unguja mawe ya matumbawe, maji mengi yanazama chini, Pemba vijito vipo lakini vifupi na havina maanguko. Nchi yetu ya umeme mdogo wa maji ni bara, nyanda za juu kusini huko, Njombe, Ludewa, Mbinga, Mufindi, na upande wa Tanga kule Lushoto. Kule wana kila kitu. Mwenga kule Mufindi ni megawati 4, inafanya kazi tangu 2012, inawapa viwanda vya chai na vijiji. Masista wa Chipole kule Ruvuma wana mtambo wao wa Tulila, megawati 5. Mawengi Ludewa kilowati 300, wanavijiji wenyewe. Na bara sheria yao ilishafungua njia, mzalishaji mdogo mpaka megawati 10 anaiuzia TANESCO kwa mkataba na bei zilizopangwa tayari, hakai miaka kubembeleza. Ukitizama hio mitambo yote, watu walipima mto kwanza tena muda mrefu ndo wakaagiza turbaini, na turbaini ikatengenezwa kwa mto ule. Huku tunaagiza turbaini halafu tunatafuta mto.

Na kwa taarifa umeme wa maji Pemba tunao. Tangu waya wa Tanga uwashwe mwaka 2010 tumeachana na majenereta ya dizeli, na gridi ya Tanga ndo hio yenye Hale, megawati 21 tangu miaka ya sitini, na Pangani megawati 68, mto mmoja huohuo unaotoka upande wa Kilimanjaro. Unapotia tukuza yako (umeme wa kulipia kabla) Chake Chake, sehemu ya ulichonunua ni maji ya Pangani. Kwaio aliyefikiwa na nguzo asijisumbue na mashine hii, hata kidogo. Hii ni ya yule aliye mbali na nguzo NA ana kijito kisichokauka NA kina maanguko mita moja na zaidi NA lita 30. Vikikosekana kimoja, rudi kwenye solar.

Kitu cha mwisho ni majirani. Maji ya ami yanakwenda kwenye mpunga wa watu. Kabla hatujachimba tulikaa nao barazani na sheha akawepo, tukakubaliana maji yote yarudi kijitoni kabla ya mferji wao wa kwanza, na wakati wa kutia maji vitalu wakihitaji sisi tunazima. Mashine haili maji, inayapitisha tu, lakini mtu akiona mferji mpya juu ya shamba lake ana haki ya kuuliza. Kuna mama mmoja alikuja na jembe lake kabisa, tukampeleka mpaka kwenye bomba la chini akatia mkono akaona maji yanatoka yote, akaridhika, na saivi anachajia simu kwa ami.

Ningependa vijana wa Karume pale, chuo cha sayansi na teknolojia, waje huku na mpira wa levo na machungwa yao wapime vijito vya Pemba mwaka mzima, kaskazi na masika, waandike kila kimoja kina lita ngapi na mita ngapi. Mradi wa mwaka wa mwisho huo, na sisi mafundi tutawapeleka, njia za mabondeni tunazijua. Wakati huo kama una kijito na umeshaitamani mashine, njoo nikuazime mpira, ni bure, ila subiri mpaka kaskazi mana mpaka sasa hivi mvua hazijaisha na maji yanadanganya.